Kupima Maendeleo ya Afya na Maisha Katika Shehia: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Unguja na Pemba

Kamati nyingi za shehia zinafanya kazi kubwa. Zinahimiza kliniki, zinasimamia ujenzi wa vyoo, zinafukia madimbwi, zinachangisha pesa za kumkimbiza mjamzito hospitali usiku wa manane. Mwaka ukiisha na watu wakauliza kama hali ya afya imekuwa bora, jibu huwa ni "tunaona mabadiliko". Jibu hilo halimsaidii anayetaka kujua mwakani pesa kidogo zilizopo ziende wapi.

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa kamati, wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa skuli, vikundi vya vijana, na wenzetu walioko Dar es Salaam, Mombasa au Maskati wanaotuma michango na wana haki ya kujua imefanya nini. Kompyuta si lazima. Daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo vinatosha kuanzia.

Kuna kanuni moja inayobeba kazi yote: hesabuni watu kwanza, ndipo mhesabu wagonjwa, na mkilinganisha, linganisheni vinavyolingana, yaani watu wa aina ile ile, swali lile lile, msimu ule ule.

Hatua ya kwanza: jueni mko wangapi

Sensa ya 2012 iliikuta Zanzibar na watu 1,303,569. Sensa ya 2022 iliikuta na watu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 45 katika miaka kumi. Sasa fikiria kituo cha afya ambacho idadi ya wagonjwa wake wa kuharisha nayo imepanda kwa asilimia 45 katika muda huo huo. Anayetazama daftari la kituo peke yake atasema kuharisha kumezidi. Anayejua idadi ya watu ataona kuwa ugonjwa uko pale pale ulipokuwa.

Tuchukue mfano wa shehia ya kubuni. Mwaka wa kwanza ina watu 4,000 na wagonjwa 200 wa kuharisha. Gawanya 200 kwa 4,000, zidisha mara 1,000, unapata wagonjwa 50 kwa kila watu elfu. Miaka kadhaa baadaye watu ni 5,400 na wagonjwa 240. Hesabu inatoa wagonjwa 44 kwa kila elfu. Wagonjwa wameongezeka, ugonjwa umepungua. Bila ya idadi ya watu, kamati hii ingevunjika moyo kwa kazi iliyozaa matunda.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kwa sheha, kwenye daftari lake la wakaazi. Lipitieni mtaa kwa mtaa pamoja na watu wanaoufahamu kila mtaa: nani amehamia, nani amefariki, nani amezaliwa, nyumba ipi mpya. Takwimu za sensa kwa shehia zinatolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, nazo zitawaonesha kama daftari lenu limeacha watu wengi nje.

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni nani ni mkaazi na kaya ni nini, mkayaandike. Kaya iwe ni watu wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja yaweza kuwa na kaya mbili. Mume mwenye wake wawili asihesabiwe mara mbili: kila mke na watoto wake ni kaya yake, na mume anaandikwa alikolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu. Mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, wiki tatu bado ni mkaazi. Kijana aliyeko Omani mwaka wa pili si mkaazi, hata kama pesa zake ndizo zinazolisha nyumba. Kanuni inayotumika kwingi ni kuwa amelala hapo kwa sehemu kubwa ya miezi sita iliyopita. Mnaweza kuweka nyingine, ila mkishaiweka isibadilike duru ya pili ya kupima.

Katika daftari hilo tengeni mapema makundi mtakayoyahitaji: watoto chini ya miaka mitano kwa tarehe ya kuzaliwa, wajawazito, wazee wa miaka 70 na zaidi, na watu wenye ulemavu. Kwa wazee kazi ni nyepesi, maana tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inatoa pensheni jamii kwa waliofika umri huo, na wengi wao wamekwisha kuandikishwa.

Hatua ya pili: ulizeni maisha mazuri ni yepi

Watu wengi wa mipango hawaifiki hatua hii. Wanakuja na orodha iliyokwisha kuandikwa, wanajaza, wanaondoka. Shirika la Afya Duniani lenyewe, linapoeleza ubora wa maisha, linasema ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake katika maisha, kwa mujibu wa utamaduni na maadili ya pale anapoishi, na kwa kulinganisha na malengo yake, matarajio yake na mambo yanayomshughulisha. Kama ni hivyo, mwenye jibu ni mtu wa Tumbe au wa Makunduchi mwenyewe.

Kaeni na makundi mbalimbali, kila moja peke yake. Akina mama mbali na wanaume. Vijana mbali na wazee. Watu wenye ulemavu nao wawe na kikao chao, na mlezi asiwajibie. Mbele ya sheha na wazee wa msikiti, msichana wa miaka kumi na minane hatasema kuwa choo cha skuli hakina mlango. Swali liwe jepesi: "Ukimtazama mtu wa hapa kwetu ukasema huyu anaishi vizuri, unaangalia nini?" Kisha nyamazeni, waacheni waseme.

Msitegemee jibu moja. Mama anayelima mwani anaweza kuzungumzia mgongo, macho na maji ya kuogea akirudi pwani. Mzee anaweza kusema kuwa afya kwake ni kwenda mwenyewe msikitini na kurudi bila kushikwa mkono. Kijana atataja kazi. Mjamzito wa kisiwa kidogo kama Kojani au Fundo atauliza uchungu ukimshika usiku, chombo kitapatikana? Andikeni maneno yao yalivyo.

Halafu yageuzeni kuwa vitu vinavyohesabika. La mzee linakuwa: kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, wangapi wanaweza kutoka nyumbani na kurudi bila kusaidiwa? La mjamzito linakuwa: kati ya waliojifungua mwaka huu, wangapi walikuwa na usafiri na pesa ya dharura vilivyopangwa kabla ya mwezi wa tisa? Vipimo viwili hivi vinaweza kukosekana katika orodha za wizara, lakini shehia itavielewa na kuvisimamia, kwa sababu vimetoka kwao.

Hatua ya tatu: chagueni vichache, mvieleze kwa ukamilifu

Vipimo vinane vinatosha, kumi ni vingi tayari. Kamati inayojitolea haiwezi kufuatilia arubaini, na mwisho wake ni kujaza karatasi kwa kubahatisha. Kila kipimo kiwe na mambo manne yaliyoandikwa: nani anahesabiwa, nini kinahesabiwa, kwa muda gani uliopita, na nani atafanya nini kikienda vibaya. Kipimo ambacho hakuna wa kukifanyia kazi, kiacheni. Ifuatayo ni mifano ninayoiamini, chukueni inayowafaa.

Maji. Msiulize "mna maji?" Nyumba inaweza kuwa na mfereji usiotoa tone tangu juzi. Ulizeni: "Jana maji ya mfereji yalitoka saa ngapi mpaka saa ngapi?" Kwa wanaoteka nje: "Mara ya mwisho kwenda kuteka, kwenda, kupanga foleni na kurudi mlichukua muda gani?" Kipimo kinachotumika duniani ni dakika 30 kwa safari nzima pamoja na foleni, zikizidi, huduma inahesabiwa kuwa ni haba hata kama maji yenyewe ni safi.

Chanjo. Angalieni kadi kwa macho, msiridhike na "kamaliza". Ratiba yetu inaanza na BCG, chanjo ya kifua kikuu, mtoto akizaliwa, zinafuata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Dozi hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa sana, maana mama ameshaona mtoto ni mkubwa. Ili muipime sawasawa, tazameni watoto wa umri wa miaka miwili, yaani miezi 24 hadi 35. Mkichanganya na wa mwaka mmoja mtawahesabia kosa watoto ambao siku yao haijafika.

Lishe. Utepe wa kupimia mkono wa juu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, mtoto anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na chini ya 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Utepe unaonesha ukondefu wa sasa tu. Udumavu hauonekani kwa utepe. Unahitaji urefu na umri sahihi, kazi ambayo ni bora iachwe kwa kliniki yenye ubao wa kupimia.

Presha. Mtu akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo, asizungumze. Pimeni mara mbili. 140 kwa 90 au zaidi ni sababu ya kumpeleka kituoni akapimwe tena siku nyingine, si ruhusa ya kumwambia mtu ana ugonjwa. Kipimo cha maendeleo hapa ni hiki: kati ya waliokwisha kuambiwa na daktari kuwa wana presha, wangapi wametumia dawa zao kila siku kwa wiki iliyopita?

Kichocho, kwa shehia za Pemba na Unguja zenye mito na mabwawa. Kuchunguza mkojo ni kazi ya maabara, na Pemba ina bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000. Lakini kuna mambo mawili kamati inayaweza. La kwanza ni kuhesabu waliomeza dawa ya prazikwanteli kampeni ilipopita. Ulizeni "ulimeza?" wala si "ulipewa?", kwa sababu vidonge vingi hubaki mfukoni. La pili ni kuhesabu watu wanaoingia maji ya mto au bwawa kuoga, kufua au kuchezea. Vimelea vya kichocho vinatoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi. Dawa inamtibu mtu, haimkingi na mto wa kesho.

Uchangamfu wa nafsi. Kipo kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani chenye sentensi tano kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekuwa mwenye furaha, mtulivu, mwenye nguvu, anaamka amepumzika, na siku zake zina mambo yanayomvutia. Kila sentensi ina alama 0 hadi 5. Zijumlisheni, zidisheni mara nne, mnapata alama kati ya 100. Aliye chini ya 50 azungumzishwe kwa upole na kuunganishwa na kituo. Tumieni tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kujaribiwa, msibadilishe maneno. Mkitaka kirefu zaidi, shirika hilo lina dodoso la ubora wa maisha la maswali 26 linalogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Ni zuri, ila linachukua muda na kwa kazi ya shehia naona ni zito.

Ulemavu nao upimwe kwa ugumu anaoupata mtu, wala asiulizwe "wewe ni mlemavu?" Maswali sita yanatosha: anapata ugumu gani kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hapana, kidogo, mkubwa, hawezi kabisa. Mtahitaji majibu haya baadaye katika kugawa matokeo.

Mambo yasiyopimika kwa shehia moja

Vifo vya uzazi hupimwa kwa kila vizazi hai 100,000. Tuseme shehia yenu ina vizazi 150 kwa mwaka. Hata pale ambapo hatari ni vifo 200 kwa kila vizazi 100,000, mtegemeeni kifo kimoja katika miaka mitatu au zaidi. Mwaka usio na kifo haumaanishi mmeshinda, na mwaka wenye kifo kimoja haumaanishi mmerudi nyuma. Kila kifo lazima kichunguzwe, kila kimoja, kwa heshima ya marehemu na kwa kujua kilichochelewesha msaada. Ila kama kipimo cha maendeleo, tumieni yanayotangulia kifo: wangapi walianza kliniki kabla ya wiki ya 12, wangapi walijifungulia kituoni, wangapi walitembelewa baada ya kujifungua.

Malaria ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1 ya watu. Mkipima watu mia moja mnaweza msimpate hata mmoja, na msiwe mmejifunza lolote. Ndiyo maana mfumo wa nchi unamfuata kila mgonjwa aliyethibitishwa hadi nyumbani, unawapima wa nyumba yake na kuuliza alisafiri wapi. Kazi yenu ni kuhesabu siku: tangu homa ilipoanza hadi mtu alipopimwa, na tangu alipothibitishwa hadi timu ilipofika nyumbani.

Hatua ya nne: nyumba zipi?

Kama shehia ni ndogo na wahudumu wa afya ya jamii tayari wanaipitia nyumba kwa nyumba, kaeni nao kwanza. Huenda nusu ya mnayoyataka wanayo. Pale msipoweza kuingia kila nyumba, chagueni kwa kura. Tuseme kaya ni 620 na mnataka kama 100. Gawanyeni 620 kwa 100, mnapata 6. Andikeni namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, mtoto achomoe kimoja. Kikitoka 4, anzeni kaya ya nne katika daftari, kisha ya 10, ya 16, ya 22, hadi mwisho. Mtapata kaya 103 au 104.

Kaya ikikosekana, rudini mara mbili, mara moja iwe jioni. Msihamie kwa jirani aliyepo barazani. Anayekutwa nyumbani mchana ni tofauti na aliyeko shamba au baharini, na mkizoea kumhoji huyo tu, mtakuwa mmepima afya ya wanaobaki nyumbani.

Sampuli ya kaya 100, yaani kaya 100 zilizochaguliwa kwa kura, ina mtetemo wa kama asilimia 10: jibu lake laweza kupishana na hali halisi kwa kiasi hicho juu au chini. Ili mtetemo uwe asilimia 5 mnahitaji kaya 400. Kwa hiyo msijisumbue kutoka 100 kwenda 130. Faida ni ndogo.

Njia ninayoipendekeza zaidi, hasa pale shehia ina mitaa iliyotofautiana, ni ya watu 19. Kila mtaa mnachagua kwa kura watu 19 wa kundi husika, kwa mfano mama wenye watoto wa miaka miwili. Kama lengo ni asilimia 80, wakipatikana 13 au zaidi wenye chanjo kamili, mtaa unahesabiwa kuwa umefikia lengo; mpaka umewekwa chini ya asilimia 80 kwa makusudi, maana watu 19 ni wachache na bahati ya kura inaweza kuwapunguza. Wakiwa 12 au pungufu, haujafikia, nao ndio wa kuanza nao. Kwa lengo la asilimia 70 mpaka ni 11. Kwa 90 ni 15. Msiseme mtaa una asilimia 63 kwa sababu 12 kati ya 19 ndiyo hiyo. Watu 19 hawatoshi kusema hivyo. Wanatosha kuwaambia mwende wapi kwanza, na kamati haihitaji zaidi ya hapo. Mkijumlisha mitaa minne mnapata watu 76, na hapo asilimia ya shehia nzima inaweza kutajwa kwa tahadhari, mkikumbuka kuipa uzito zaidi mitaa yenye watu wengi.

Hatua ya tano: wakati

Visiwa vyetu vinaishi kwa misimu, na kipimo kisichojali misimu kitawadanganya.

Kuharisha na mbu wa masika havilinganishwi na kipupwe. Kama duru ya kwanza ilikuwa Mei, ya pili iwe Mei. Ila Mei ya mwaka huu na ya mwaka wa tatu zinaweza kutofautiana kwa jambo jingine: Ramadhani inarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Swali la "jana mlikula mara ngapi?" halina maana moja ndani na nje ya Ramadhani. Usingizi, matumizi ya dawa za presha na sukari, hata uchangamfu wa nafsi hubadilika. Angalieni tarehe za miaka mitatu mbele kabla ya kuchagua mwezi.

Pemba, msimu wa karafuu unabadilisha kila kitu. Pesa zinaingia mifukoni, watu wanahamia mashambani, watoto wanakosa skuli, walioanguka mikarafuuni wanaongezeka. Kaya iliyopimwa kabla ya msimu na kupimwa tena wakati wa mavuno itaonekana imetajirika. Pimeni nje ya msimu, duru zote. Jambo la kuanguka mikarafuuni lenyewe linastahili hesabu yake pale karafuu inapochumwa kwa wingi, na daftari la kituo cha afya ndilo la kuanzia.

Kisha kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali na wakulima wa mwani wako pwani. Nendeni siku za maji mafu ili muwakute. Wavuvi wa dago wana mizunguko yao; waulizeni wake zao watarudi lini kabla ya kupanga siku.

Hatua ya sita: kuingia majumbani kwa watu

Wafundisheni wahojaji kwa siku mbili au zaidi, kisha wajaribu dodoso katika mtaa ambao hautapimwa. Swali ambalo watu watatu wameomba lirudiwe, liandikeni upya. Wahojaji wawili wamuhoji mtu mmoja kwa nyakati tofauti: majibu yakipishana sana, shida iko kwenye swali au kwa mhojaji.

Wahojaji wanawake wawe wengi. Kuna maswali ambayo mama hatamjibu kijana wa kiume, na nyumba yenye mjane aliyeko edani mhojaji mwanamume haingii. Anayehoji wakubwa aanze kwa salamu kamili na hali za nyumbani, asiketi kabla ya kukaribishwa, aeleze nani amemtuma na majibu yataenda wapi. Aseme wazi kwamba anayekataa hapotezi huduma wala msaada wowote, na kisha iwe kweli. Msimpeleke mhojaji kwa majirani zake mwenyewe. Watu hawasemi ya ndani kwa mtu watakayekutana naye kisimani kesho.

Majina yasiandikwe kwenye dodoso. Kila kaya iwe na namba, na karatasi inayounganisha namba na jina ikae kwa mtu mmoja, kabatini, chini ya kufuli. Katika shehia ya watu elfu chache, kusema "mwanamke wa miaka 34, mwalimu, mtaa wa pwani" ni sawa na kumtaja jina. Mkikusudia kuchukua damu au mkojo, au kuchapisha kazi yenu kama utafiti, omba kibali cha maadili kwanza kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Na tangu siku ya kwanza mjueni mtu wa kumpelekea mtoto ambaye utepe umesoma chini ya sentimita 11.5 au mama aliyesema anapigwa nyumbani. Kumwona mtu taabani na kuondoka na karatasi tu haikubaliki.

Hatua ya saba: kusoma hesabu

Tuseme kaya zinazopata maji ndani ya dakika 30 zilikuwa 52 kati ya 100, na mwaka wa pili ni 60 kati ya 100. Msipige vigelegele bado. Kwa sampuli mbili za watu mia mia, tofauti inapaswa kufika kama kaya 14 kwa kila mia ndipo muwe na uhakika kuwa haikuletwa na bahati ya kura. Semeni: "inaelekea juu, tutajua duru ijayo". Mkiona vipimo vingi vinavyohusiana vinakwenda upande mmoja, maji, kuharisha na utoro wa wasichana skuli, hapo ushahidi una nguvu kuliko kimoja peke yake.

Jiulizeni pia kama ongezeko ni la ugonjwa au la kujulikana. Kituo kikipata mashine mpya ya presha, wenye presha watafurika daftarini. Hawakuugua mwaka huu. Wameonekana mwaka huu. Hiyo ni habari njema na iandikwe hivyo.

Kisha gawanyeni matokeo. Wastani wa shehia unaweza kupanda huku mtaa mmoja umebaki nyuma kabisa. Tazameni mtaa kwa mtaa, nyumba zinazoongozwa na wanawake, walio na ugumu mkubwa kwenye yale maswali sita, na wasio na umeme wala bati. Kama vyoo vimetoka asilimia 60 hadi 75, lakini kwa kaya zenye mtu asiyeweza kutembea bado ni zile zile, basi kazi ya mwaka ujao imeshajitaja.

Hatua ya nane: rudisheni kwa wenyewe

Matokeo yasianzie wilayani. Yaanzie kwenye baraza, ndani ya mwezi mmoja, kabla watu hawajasahau kuwa waliulizwa. Chorani vipimo vinane kwenye karatasi kubwa: kila kimoja watu kumi, waliofikiwa wapakwe rangi. "Saba kati ya kumi" inaeleweka na kila mtu kuliko "asilimia 71.4". Fanyeni kikao cha wanaume na cha wanawake kama mwanzo, mkiuliza: je, hivi ndivyo mnavyoona wenyewe? Wakikataa, wasikilizeni. Mara nyingi wanajua sababu ambayo dodoso halikuiuliza.

Wataje mambo mawili ya kufanyiwa kazi, yasizidi. Kila moja liandikwe na jina la anayelibeba na tarehe. Nakala iende kwa sheha, kituo cha afya, timu ya afya ya wilaya na, kama ni suala la maji, kwa mamlaka ya maji. Barua yenye hesabu na tarehe inajibiwa haraka kuliko malalamiko.

Mwisho, wekeni kumbukumbu ya duru hii mahali pawili, moja afisi ya sheha na nyingine skuli: dodoso lenyewe neno kwa neno, namna kaya zilivyochaguliwa, tarehe, hali ya msimu na mwezi, kanuni ya nani ni mkaazi, na karatasi za hesabu bila majina. Wajumbe watabadilika. Atakayepima mwaka wa tatu anaweza kuwa ni kijana ambaye leo yuko darasa la saba, naye atahitaji kuuliza swali lile lile.